Chunjua Chini ya Mguu wa Pedali: Shajara ya Mradi

Mradi huu ni wa mguu mmoja. Mguu wangu wa kulia, ndio unaosukuma pedali ya cherehani tangu asubuhi mpaka magharibi, umeota chunjua pale wayo unapopindia, nyuma ya kidole gumba, na ubavuni mwake vimetokeza vingine viwili vidogo. Ni mwaka na ushei sasa. Hapa Ngamiani, Tanga, kila anayeingia kupimwa gauni ana dawa ya kunipa, na kila dawa ilimponya mtu wake kabisa, tena ndani ya wiki moja. Nimechoka kuitikia "inshallah nitajaribu". Nimefungua kurasa za nyuma za daftari la vipimo vya wateja, nimeziorodhesha dawa zote nilizotajiwa, na nitazipitia kwa zamu: moja kwa wakati mmoja, kipimo kabla na kipimo baada. Wembe na moto havimo kwenye mradi huu.

Februari. Kuhakikisha ni chenyewe

Wengi walionipa dawa hawakuuona mguu. Nikisema tu "kitu kigumu chini ya wayo, kina vitone vyeusi", mmoja anasema funza, mwingine anasema sugu, na kila mmoja anaendelea na dawa ya alichokisema yeye. Basi kazi ya kwanza ikawa kutenganisha.

Funza ni kiroboto jike anayejichimbia kwenye ngozi. Anaacha kitone kimoja cheusi katikati ya uvimbe mweupe, anapenda pembeni mwa kucha na kati ya vidole, anawasha, na wiki chache baadaye amekufa na kutoka. Changu kina vitone vingi, na kimekaa mwaka.

Sugu ilinisumbua zaidi, maana kwa kazi yangu ingekuwa haki yangu. Nilikaa mlangoni penye mwanga, mguu nimeuosha, nikachukua miwani ya kutungia uzi. Unyayo una mistari myembamba, ile inayoacha alama ukikanyaga sakafu kwa mguu uliolowa. Kwenye sugu mistari hiyo hupita juu yake bila kukatika. Kwenye hiki changu ilifika ukingoni ikakoma, ikakizunguka, ikaendelea upande wa pili. Halafu nikakibonyeza kwa kidole moja kwa moja: maumivu ya kawaida. Nikakibana kutoka ubavuni, kama ninavyobana pindo kabla ya kulitia pini: niliruka kitini. Sugu huuma ikikandamizwa, chunjua huuma kikibanwa ubavu. Kwangu hicho ndicho kipimo kilichomaliza ubishi.

Hata hivyo nilikwenda zahanati. Tabibu ni kijana, umri wa mwanangu wa kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Kabla hajauangalia mguu aliuliza kama nina kisukari, akanichoma kidole akapima sukari hapo hapo. Mwenye kisukari, au mguu uliokufa ganzi, au damu isiyofika vizuri miguuni, hatakiwi kujitia asidi wala maji ya moto nyumbani, kwa sababu ataungua bila kujua na kidonda hakitafunga. Akaniuliza pia nilipima lini virusi vya UKIMWI. Sikuchukia. Vyunjua vingi visivyosikia dawa huweza kuonyesha kuwa kinga ya mwili imeshuka, na ni bora kuulizwa waziwazi kuliko kuangaliwa kwa jicho la pembeni.

La tatu alilotafuta ni doa. Saratani ya ngozi iitwayo melanoma, kwa sisi weusi, hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hatuangalii. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Doa jeusi au la kahawia chini ya wayo linalopanuka, lenye kingo zisizo sawa, linalovuja damu, halipakwi kitunguu wala asidi, linapelekwa hospitali. Changu hakikuwa na doa. "Hiki ni chunjua, mama. Hakiui, ila kitakuchosha."

Jioni nilipima. Nilitandika karatasi ya paterni juu ya unyayo, nikachora ukingo wake kwa penseli. Kikubwa milimita 13 kwa upana, vidogo 4 na 3. Binti yangu akapiga picha kwa simu, futikamba ikiwa ubavuni. Mwanangu wa mwisho, ambaye yuko darasa la nne, akaleta mguu wake naye apigwe: ana kimoja kwenye kidole cha pili, milimita 5. Nikamwandika kwenye daftari. Yeye dawa hataki, hata kuguswa hataki.

Ramadhani. Kinachoishi humo ndani

Oda za Idi zimejaa mpaka mlangoni, kanzu za watoto na madera, na sijaanza dawa yoyote. Kuanzia saa nane mchana pedali naisukuma kwa kisigino. Baada ya tarawehe nasoma.

Chunjua huletwa na virusi. Mwaka 1907 daktari Mwitaliano, Giuseppe Ciuffo, alichukua majimaji ya vyunjua vilivyosagwa, akayapitisha kwenye chujio linalozuia bakteria, akajipandikizia yaliyopita kwenye ngozi yake mwenyewe. Vyunjua vikaota. Virusi vyenyewe ni jamii ya papiloma, HPV, na aina zake zinazojulikana zimepita 200. Za nyayoni ni hasa namba 1, 2, 4, 27 na 57. Nalisema hili kwa sababu jirani yangu aliposikia "HPV" aliweka kikombe chini: jina hilo analijua kutokana na chanjo ya shingo ya kizazi ambayo wasichana wa Tanzania wameanza kupewa mwaka 2018. Ile inalenga hasa aina ya 16 na 18. Za nyayo ni nyingine, na hazihamii huko.

Virusi hivi huingia kwenye mchubuko mdogo, hasa ngozi ikiwa imelowa na kulainika, na huchukua wiki au miezi kabla ya kitu kuonekana. Sakafu ya bafu ni mahali pao. Bibi zetu waliingia bafuni na mitalawanda. Sisi tunaingia pekupeku, familia nzima kwenye saruji ile ile yenye maji. Nimenunua ndala za bafuni, kila mtu na zake. Taulo la miguu pia nimetenga.

Jambo lililonifungua macho ni mizizi. Mtaani kila mtu anajua kuwa chunjua kina mizizi inayofika mfupani, na kisipong'olewa nayo kitarudi. Hakuna mizizi. Chunjua kizima kinakaa kwenye tabaka la juu la ngozi. Kinachoonekana kwenda ndani ni uzito wa mwili unaokisukuma, maana chini ya wayo hakina pa kuota kwa nje. Vile vitone vyeusi wanavyoviita mbegu au mizizi ni vishipa vidogo vya damu vilivyoganda. Watu wamejichimba kwa wembe mpaka wakashindwa kutembea, wakitafuta kitu ambacho hakipo.

Na usugu wake una sababu. Virusi hivi haviingii kwenye damu na haviui seli vinazokaa ndani yake, kwa hiyo hakuna uvimbe wala homa ya kuuamsha mwili. Kinga inaweza kupita juu yake miaka bila kukitambua. Siku ikikitambua, kinaisha, hata kama ulikuwa hufanyi lolote. Hapo ndipo sifa ya dawa zote za mtaani inapotoka: dawa uliyokuwa nayo mkononi siku mwili ulipoamka ndiyo inayopewa shukrani. Nimeliandika hilo kwenye jalada la daftari, ili na mimi nisije nikadanganywa.

Baada ya Idi. Za jikoni na za uani

Kitunguu saumu kilikuwa cha kwanza kwa sababu ndicho kilichotajwa na wengi. Punje iliyopondwa, ikawekwa juu, ikafungwa kwa kitambaa usiku. Nililala vizuri mpaka karibu na alfajiri, mguu ulipoanza kuwaka. Nilipofungua, ngozi nzuri ya pembeni ilikuwa imeota lengelenge, na chunjua chenyewe kiko pale pale kikinuka pilau. Kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi kweli, na pia ngozi ya wayo ni nene kiasi kwamba pembeni kunaumia kabla katikati hakujahisi. Kipimo: 13. Kimefutwa kwenye orodha.

Papai nililipa muda zaidi. Ukilichanja papai bichi linatoa utomvu mweupe wenye papaini, ile inayomeng'enya protini, ndiyo maana wachoma mishkaki hulitumia kulainisha nyama ngumu. Niliutia kwa kijiti cha kiberiti, asubuhi na jioni. Gamba la juu lililainika, likawa linatoka kwa kucha, na kipimo kikashuka mpaka 12. Nilifurahi siku mbili tatu. Kisha nikaangalia picha: kilichotoka kilikuwa ngozi iliyokufa, na vitone vyeusi sasa vilionekana vizuri kuliko mwanzo. Pembeni kuliwasha. Papai linafungua mlango, ila haliingii ndani.

Ganda la ndizi: tulikula ndizi nyingi. Siki: inaunguza bila kuchagua, nikaiacha mapema. Habasoda na manjano: mguu wa rangi ya dhahabu, kipimo kile kile.

Mnyaa ni habari ndefu kidogo. Shangazi yangu alishuka kutoka Muheza na tawi lake limefungwa kwenye gazeti. "Mwanangu, sisi vyunjua vya mikono tulivitoa kwa huu, tone moja moja." Ni kweli walivitoa, na ni dawa ya zamani pwani na bara. "Shangazi, nimekusikia na nakushukuru, ila huu sitautia." Alinyamaza, akanywa chai yake. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtu; inatosha kujipangusa jasho kwa mkono ulioshika tawi. Na kuna jambo jingine. Saratani ya taya ya watoto aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958, akiwa Uganda, inahusishwa na virusi vya Epstein-Barr, na maabara zimeonyesha kuwa utomvu wa mnyaa huviamsha virusi hivyo. Sikuyasema yote hayo mbele ya shangazi. Tawi tulilipanda nyuma ya ukuta, linazuia mbuzi vizuri.

Maji ya betri nayaandika ili yasomwe na vijana. Mwendesha bodaboda wa kijiweni kwetu alijitia. Ile ni asidi ya salfuriki; haijui chunjua wala nyama. Chunjua kilitoka, na shimo lililobaki lilimweka nyumbani muda mrefu kuliko chunjua kilivyowahi kumsumbua.

Masika. Tepu

Hii ndiyo iliyonivutia zaidi kwa bei: tepu nene ya rangi ya fedha, ile ya mafundi mabomba. Hadithi yake ina asili ya kweli. Mwaka 2002 madaktari wa hospitali ya jeshi huko Tacoma, Marekani, walichapisha majaribio ya watoto na vijana, 51 waliofika mwisho. Waliobandikwa tepu walipona asilimia 85, waliogandishwa hospitalini kwa nitrojeni, kimiminika chenye baridi kali, asilimia 60. Dunia nzima ikakimbilia tepu. Habari zilizofuata hazikukimbiliwa na mtu. Mwaka 2006 Waholanzi waliwapima watoto 103 wa shule: waliopona kwa tepu asilimia 16, kwa kibandiko kisichofanya kitu asilimia 6, tofauti ambayo ingeweza kuwa bahati tu. Mwaka 2007 wakapimwa watu wazima 90 huko Marekani, wakatoka asilimia 21 kwa tepu, 22 kwa kibandiko kisichofanya kitu. Wapo wanaoitetea kwamba tepu ya mara hiyo ilikuwa aina ya kuona ndani, isiyo na gundi ya mpira. Labda.

Utaratibu wenyewe ni kukaa na tepu siku sita, kuitoa, kuloweka, kusugua, kupumzisha usiku mmoja, kisha kubandika upya. Kwa Mwislamu anayesali sala tano hapo pana swali. Tepu inazuia maji ya udhu kufika kwenye ngozi. Nilimuuliza ustadhi wa msikitini kwetu, akanieleza vizuri kwamba bendeji ya kidonda ambayo kuitoa kuna madhara hupanguswa kwa juu. Lakini kidonda sikuwa nacho, na madhara ya kuitoa sikuyaona; ingekuwa ni kujitafutia ruhusa. Kwa hiyo nikawa naibandika baada ya isha na kuitoa alfajiri, jambo ambalo si lile lililojaribiwa Tacoma, na nimeliandika hivyo. Mvua nazo hazikusaidia. Ndala zinalowa, mguu unalowa, tepu inateleza na kujikunja, nikisukuma pedali nabaki na uvimbe wa gundi chini ya wayo.

Kilichonishangaza ni jinsi ngozi ilivyokuwa laini kila alfajiri, nyeupe na ya kukunjika, jiwe likiigusa tu inatoka. Nikalishika hilo. Kipimo: 12.

Mei. Asidi ya salisiliki

Nilipouliza duka la kwanza la dawa, dada aliyekuwa zamu alinipa marhamu ya Whitfield, ile ya fangasi na mapunye inayojulikana kila nyumba. Niligeuza kopo nikasoma: asidi ya salisiliki asilimia 3, benzoiki asilimia 6. Salisiliki ndiyo yenyewe, lakini kwa gamba la wayo asilimia 3 ni salamu tu. Za chunjua huanzia karibu asilimia 17 kwa ya maji, na plasta za sugu hufika 40. Kwenye duka la tatu nikapata kichupa cha ya maji, 16.7 pamoja na asidi ya laktiki kiasi hicho hicho, na kibrashi kwenye kifuniko. Aspirini iliyopondwa, ambayo wengi huitaja, ni ndugu wa asidi hii, ila nyumbani huwezi kujua nguvu ya uji ulioupika mwenyewe.

Asidi hii haiui virusi. Inalegeza gundi inayoshikanisha seli za ngozi iliyokufa, tabaka baada ya tabaka, na katika kuchokoza huko huenda mwili nao ukagutuka. Kwa hiyo anayeipaka juu ya gamba kavu anapakia gamba tu. Kazi yote iko kwenye maandalizi, na maandalizi ni haya ninayoyafanya usiku baada ya isha.

Beseni la maji ya uvuguvugu, mguu ndani kama dakika kumi. Natoa, sifuti sana. Jiwe la kusugulia, ambalo nimelifunga uzi mwekundu ili mtu asilitumie kwenye kisigino chake, maana linabeba virusi. Hata mguu wangu wa kushoto halifiki. Nasugua kwa mzunguko mdogo, bila kukaza. Gamba linatoka kama unga mweupe uliolowa. Vitone vinaanza kusogea juu. Kikitoka kitone cha damu, usiku huo nimemaliza, sipaki. Kisipotoka, nakausha kwa kitambaa chake, nazungushia mafuta ya mgando kwenye ngozi nzima ya pembeni, pete nyembamba, kisha tone la asidi katikati, nasubiri likauke liwe utando, tone la pili, likauke. Juu yake kipande cha tepu, kile kile cha masika, maana kulainisha kinajua. Alfajiri natoa, naosha, natia udhu bila swali lolote. Nadhani ratiba ya sala ndiyo iliyonifanya nisiruke usiku. Mtu asiye na kengele ya namna hiyo atafute yake.

Wiki za kwanza chunjua kilikuwa kibaya kuliko mwanzo. Kilipauka, kikavimba kidogo, kikawa kipana kwa macho. Nilipima: 14. Binti yangu akasema tuache. Nikamwonyesha kwamba nilichopima ni eneo lote lililoungua na kupauka. Vitone vyenyewe vilikuwa vimekaa ndani ya milimita 11. Tangu hapo napima mduara wa vitone.

Hapa niweke matarajio mahali pake. Mapitio makubwa ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliipa salisiliki ushindi dhidi ya dawa isiyo na kitu ndani, ushindi wa kiasi. Na mwaka mmoja kabla yake Waingereza walichapisha majaribio ya watu 240 wenye vyunjua vya nyayo, nusu asidi kali ya asilimia 50, nusu kugandishwa. Baada ya wiki 12 waliopona kabisa walikuwa asilimia 14 kila upande. Kumi na nne! Niliposoma mara ya kwanza nilitaka kumwaga kichupa. Niliposoma mara ya pili nikaona faida yake: mtu aliyeambiwa "wiki moja" anaacha wiki ya pili, na dawa inaonekana haifai. Vyunjua vya nyayo ni vya wenye subira, na anayeuza dawa yake kwa ahadi ya wiki moja hajawahi kuwa nacho.

Juni. Kupumzika, maji ya moto, na habari za nitrojeni

Ngozi ilichubuka katikati ya mwezi, ikawa nyekundu na kuuma hata nikikaa. Nilisimamisha asidi mpaka ikafunga. Kusimama huko ni sehemu ya dawa. Asidi juu ya ngozi iliyo wazi ni kuongeza kidonda.

Wakati huo wa mapumziko nikajaribu joto, kwa sababu nilisoma jambo kutoka China. Mwaka 2010 madaktari wa huko walipasha vyunjua vya nyayo kwa kifaa cha mwanga mpaka ngozi ikafika nyuzi 44, nusu saa kila mara, siku tatu mfululizo, na siku mbili nyingine wiki mbili baadaye. Zaidi ya nusu walipona, ilhali kwa waliowekewa kifaa bila joto ilikuwa kama mmoja kwa tisa. Ni namba nzuri kwa ugonjwa huu. Lakini beseni si kifaa. Nilichovya kipimajoto cha maziwa: nikitia maji ya nyuzi 44, naongea na mteja mmoja, yameshashuka hadi 40, nikiongeza ya birika, pembeni moto katikati vuguvugu. Kupita hapo kidogo ni kuungua. Sikuweza kushikilia joto kwa uaminifu, kwa hiyo sina cha kuripoti, na anayesema amepona kwa beseni sitambishia wala sitamwamini.

Kugandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kunahitaji hospitali yenye mtungi. Nilipoulizia, siku hiyo haikuwepo. Kwa chunjua kikubwa kilichoshindikana, wataalamu wa ngozi wapo. Moshi, pale hospitali ya KCMC, pana chuo cha kanda kinachofundisha matabibu wa ngozi tangu miaka ya 1990, na wanafunzi wake wametawanyika katika mikoa mingi. Wana njia nyingine pia, za kuchoma kwa umeme, za sindano za kuamsha kinga. Kwa zile namba za Waingereza, sikuona sababu ya kupanda basi la Moshi kabla sijamaliza kichupa changu.

Julai. Mtoto

Mwanangu kaja dukani kutoka madrasa, kavua kiatu katikati ya wateja. "Mama, changu kimeondoka." Nilimkalisha juu ya meza ya kukatia. Milimita 5 ya Februari haipo, na mistari ya kidole inapita moja kwa moja. Hakupaka kitu. Hakuloweka. Mara kadhaa alikimbilia nje aliponiona na jiwe.

Mteja mmoja akauliza dawa gani, nikamjibu hakuna, akadhani namficha. Kwa watoto ni jambo la kawaida. Utafiti wa Waholanzi wa mwaka 2013 kwa watoto wa shule za msingi ulikuta nusu yao wamepona ndani ya mwaka mmoja. Watu wazima hutuchukua muda mrefu zaidi. Ningekuwa nimempaka mtoto utomvu wa papai mwezi Juni, leo Ngamiani nzima ingekuwa inachanja mapapai, na mimi ningekuwa wa kwanza kutoa ushahidi.

Hili limenifanya niangalie matokeo yangu kwa jicho jingine. Yangu nayo yanashuka: mduara wa vitone ni milimita 6, na kile kidogo cha 3 hakionekani. Je, ni asidi, au mwili umeamka wenyewe? Kwa mguu mmoja siwezi kuvitenganisha. Ninaloweza kulisema ni kwamba kwa mwaka na ushei bila asidi hakikusogea, na kuanzia Mei kimesogea. Na maumivu yalipungua tangu nilipoanza kusugua, kabla chunjua chenyewe hakijapungua, kwa sababu kilichokuwa kinanichoma kwenye pedali ni gamba gumu lililokizunguka. Hata kama asidi isingefanya kitu, beseni na jiwe vingenirudishia kazi.

Agosti. Hali ilivyo

Kikubwa kimekwisha, kwa vipimo vyangu. Nilikiangalia siku kadhaa tofauti kabla ya kuandika sentensi hiyo. Hakuna kitone. Nikikibana ubavu hakiumi. Na mistari, ile niliyoitazama Februari ikikata kona, sasa inaingia upande mmoja na kutokea wa pili, ingawa ni hafifu katikati, ngozi ya waridi bado. Kutokuwepo kwa maumivu pekee nisingekukubali; wengi huacha hapo, wakati vitone vingali chini, kisha husema kimerudi.

Kile cha milimita 4 bado kipo, sasa 2, na kiko karibu sana na mkunjo wa kidole, mahali ambapo utando wa asidi unapasuka nikitembea. Nimebadilisha: tone moja badala ya mawili, na kipande cha tepu nakikata cha mviringo kwa mkasi wa tundu la kifungo ili kona zisijikunje. Nimejipa mpaka vuli ianze. Kikiwa bado kipo wakati huo, nitakwenda kwa mtaalamu wa ngozi na daftari langu mkononi.

Kichupa kimebaki robo. Kinafungwa vizuri, maana kikiachwa wazi kinaganda, na kinakaa juu ya kabati ambako watoto hawafiki. Jiwe la uzi mwekundu nitalitupa siku kitone cha mwisho kikitoka. Shangazi amepiga simu kuuliza habari za mguu. Nimemwambia unaendelea vizuri, akasema anajua, alinisomea dua. Nimeiandika nayo, kwenye safu ya dawa, na tarehe aliyoanza.